Namba ya Ubaoni

Mwanangu Chelagat,

Habari za blanketi, sabuni, na kutonunua vyakula vya dirishani mwa treni mama yako amekwisha kukupa, na kwa jinsi ninavyomjua atakupa tena kesho pale stesheni, mbele ya watu, mpaka uone haya. Mimi sitaziongeza. Wewe umekwenda Bondeni kumuaga shangazi yako, mama yako anapiga pasi nguo zako, nami nimekuja kukaa hapa katika chumba cha sayansi kwa sababu shule imefungwa na hakuna wa kunikatiza. Ni saa kumi za mchana. Upepo umeanza kuinua vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, kwa hiyo nimefunga madirisha yote.

Jumapili iliyopita, kanisa lilipokuombea safari, uliambiwa useme neno. Ukasimama, ukasema unakwenda Uganda kusomea ualimu wa sayansi kwa sababu ya baba yako. "Wengine baba zao waliwapa vitabu," ukasema, "mimi baba alinipa na mikono." Watu wakapiga makofi. Mama yako akafuta macho. Mimi nikainamisha kichwa, na kila mtu akadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa ni aibu, mwanangu. Mikono hiyo sikukupa mimi. Ulipewa na Mzee Arap Tonui, yule aliyekuwa akiosha chupa katika chumba hiki, na mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi kwa uongo. Nimekuficha jambo hili miaka sita. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilininyookea vizuri tu mpaka Jumapili ile.

Nianzie mbali kidogo. Baba yangu, babu yako ambaye hukumwona, alikamua ng'ombe wa Mzungu kule juu Keringet tangu kabla sijazaliwa. Vidole vyake vilipasuka kwa baridi, na akikushika shavu alikukwaruza. Mama yangu alichuma pareto. Nilipopelekwa shule ya misheni nilidhani nimeokoka, kumbe asubuhi tulisoma na mchana tulishika jembe na randa. Waliita hiyo elimu inayotufaa. Sisi watoto tuliona wazi: watoto wa Wazungu wanafundishwa kufikiri, sisi tunafundishwa jembe tulilozaliwa tukalikuta mlangoni. Nikaapa kwamba siku nitakapokuwa mwalimu, hakuna mtoto atakayechafua mikono yake darasani kwangu. Hata leo sidhani hasira ile ilikuwa ya bure. Ila niliielekeza mahali pasipo pake.

Hiyo ni nusu ya habari, tena nusu yenye kunipendeza, ndiyo maana nimeitanguliza. Nusu ya pili hata mama yako hakuijua mpaka wiki hii. Kule chuoni, siku ya kwanza ya kushika vyombo vya kioo, mkono wangu ulitetemeka nikavunja bureti. Wewe unaijua, lakini mama yako ataisoma barua hii kabla yako, kwa hiyo nimweleze na yeye: ni lile bomba refu lenye mistari, linalodondosha asidi tone kwa tone kwenye chupa ya maji ya magadi mpaka rangi igeuke, halafu unasoma umetumia asidi kiasi gani. Mwalimu wetu hakunigombeza. Alicheka tu, akasema kwa Kiswahili chake, "Hii mkono ni ya jembe." Wenzangu wakacheka naye. Tangu siku hiyo, zamu yangu ikifika, nilijitolea kuwa mwandishi wa matokeo ya wenzangu. Nikatoka chuoni na cheti kizuri bila kushika bureti mara ya pili.

Kwa hiyo ulipokuwa mdogo ukisikia baba yako ni mwalimu hodari wa sayansi, ilikuwa kweli kwa upande wa chaki. Nilichora bureti ubaoni kwa rula mpaka mkaguzi akasimama kuitazama. Bureti zenyewe zilikaa kabatini, zinang'aa kwa kuwa hazikuguswa, naye mkaguzi akaandika kwamba shule hii inatunza vyombo vizuri. Wanafunzi wakiniuliza watavishika lini, niliwajibu, "Kibarua hutumia mikono. Msomi hutumia kichwa." Mimi na walimu wenzangu tulikuwa lugha moja. Tulikunywa chai tukisema vitendo ni vya wale wasioweza kukariri, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenzake kama yeye anaviweza.

Mzee Arap Tonui alikuja ulipokuwa na miaka kumi. Alikuwa ametoka kiwanda cha siagi, ambako kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kupima mafuta katika maziwa ya wakulima: anavuta maziwa kwa bomba, anatia asidi kali, anazungusha chupa kwenye mashine, anasoma mstari. Hakuweza kusoma barua, lakini mstari wa kioo aliusoma bila kukosea. Hapa shuleni tulimpa ufagio, tukamwambia aoshe vyombo ambavyo havikuchafuka. Tukamwita boi. Mtu wa rika la baba yangu, nami namwambia, "Boi, lete chaki," naye analeta. Wewe ulimwita babu, na mimi nilikukataza.

Ulidhani sijui mlilokuwa mkifanya jioni baada ya masomo. Nilijua. Siku moja nilipita hapa dirishani nikakuona umesimama juu ya sanduku, unavuta chai ya rangi kwa pipeti, lile bomba jembamba la kufyonzea, kutoka kikombe kimoja hadi kingine, na yeye ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, anakutazama.

"Kunja goti, toto," akakwambia. "Hapana soma hiyo maji ukisimama wima kama D.O. ya serikali. Jicho iende chini kwa maji. Maji haiwezi kukuja kwa jicho."

Ukacheka, ukakunja goti. Nilitaka kuingia nikufukuze uende nyumbani ukamsaidie mama yako. Sikuingia, kwa sababu mkono wako haukutetemeka hata kidogo, na mimi nilibaki pale nje nikiwaonea wivu. Nasema wivu, kwa sababu ndio ulikuwa wivu, wa mwalimu mzima juu ya mtoto na mfagizi. Sijui kama kuna mtu mwingine Nakuru nzima aliyewahi kuona wivu wa namna hiyo.

Kisha likafika darasa letu la kwanza la kufanya mtihani wa kutoka ng'ambo, wenye karatasi ya vitendo. Maagizo ya kuchanganya dawa yalikuja katika bahasha. Nilimsomea Mzee, naye akapima na kuchanganya, kila kitu sawasawa na maagizo. Kanuni ilitaka mwalimu ajaribu kwanza yeye mwenyewe, aandike namba aliyoipata, ili wasahihishaji wawe na kitu cha kulinganisha. Mzee akanipangia vyombo juu ya meza hii ninayoandikia, akatoka nje, akafunga mlango taratibu. Nilikaa mbele ya bureti kitambo kirefu mikono yangu ikiwa mapajani. Halafu nikachukua kalamu, nikaandika ishirini na tatu nukta nne, nikafunga bahasha.

Hiyo ilikuwa namba yangu ya ubaoni, Chelagat. Ndiyo niliyoitumia katika mfano wangu kila mwaka, na wanafunzi waliijua kama wanavyoijua Baba Yetu. Wavulana wakaingia, wakadondosha asidi, wengine wakaimwaga, na darasa zima likaandika ishirini na tatu nukta nne. Unamkumbuka Yohana, yule kijana mwembamba wa Njoro aliyekuchongea kinyago cha sungura? Yeye alinifuata baadaye analia. "Mwalimu, mimi niliona ishirini na saba. Nikarudia, nikaona ishirini na saba tena. Nikajua macho yangu ndiyo mabaya, kwa sababu mwalimu alitupatia ishirini na tatu." Nimesikia matusi mengi katika maisha yangu, ya Wazungu na ya watu wetu, na hakuna lililonichoma kama maneno ya yule mtoto. Aliona sawa, akayakana macho yake kwa kuniheshimu mimi.

Wasahihishaji si wajinga. Waliandika kwamba kama dawa ilichanganywa kama walivyoagiza, namba ile haiwezekani. Basi ama dawa ilichanganywa vibaya, ama shule nzima imetunga namba. Hedimasta wa wakati ule akaniita ofisini, akaniuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Mlango ulikuwa wazi, na Mzee alikuwa ameinama kwenye ukumbi wa nje anapiga deki. Nikasema, "Ni boi. Hajui kusoma, amekosea kupima." Nilisema kwa Kiingereza ili asielewe.

Nilijiambia nawaokoa wavulana. Na kweli, kwa kuwa kosa lilionekana ni la dawa, waliruhusiwa kuirudia karatasi ile. Lakini usikubali nikujie na sababu hiyo, hata siku moja. Nilikuwa najiokoa mimi. Wavulana walinifaa tu kujificha nyuma yao.

Akafukuzwa siku ile ile, bila barua ya sifa. Unakumbuka ulikuwa wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, askari wanauliza makaratasi kila kona, na mzee aliyefukuzwa bila barua hapati kazi hata ya kuchunga mbuzi. Nilisikia kwamba kiwanda cha siagi kilimrudisha kutoka getini. Wewe ulikataa kula. Ukaniuliza babu amekwenda wapi, nikakwambia amechoka, amerudi kwao kupumzika. Ukaniamini, maana hukuwa na sababu ya kutoniamini.

Sasa lisikilize hili, kwa sababu ndilo lililonishinda kanisani. Wavulana walipewa nafasi ya kurudia, na mimi ikanibidi niwafundishe kwa vyombo. Nani angenifundisha mimi? Niliyekuwa naye nimemfukuza. Jumapili moja nikajifungia hapa na bureti, jasho linanitoka, mkono unatetemeka kama ule wa chuoni. Ukagonga, nikakufungulia kwa kuwa nilichoka kuogopa peke yangu. Ukasimama ukanitazama kidogo. "Baba, kunja goti," ukasema. Halafu ukakishika kiwiko changu kwa mkono wako mdogo, ukakiegemeza mezani, na mkono ukatulia. Tulirudia mpaka mama yako akatuma mtu atuite chakula.

Miaka yote hii umekuwa ukiwasimulia watu kwamba baba alijifanya hajui ili akupime. Ni hadithi nzuri, na uliisimulia kwa upendo mkubwa hata nikakosa nguvu ya kuisahihisha. Sikujifanya. Sikujua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulinifundisha kazi yangu, na kila ulichonionyesha kilikuwa cha Mzee, ingawa wewe uliyahesabu masomo yake kuwa mchezo wa jioni tu. Wavulana walifaulu. Yohana leo ni dresa hospitalini, anapimia wagonjwa dawa, na ningependa kuamini kwamba anayaamini macho yake.

Jumatatu usiku nilimweleza mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka akaenda kuonja mboga, akarudi na mwiko mkononi. "Kwa hiyo mzee wa watu ameteseka ili wewe uitwe mwalimu," akasema. Baadaye sana akaongeza, "Mwandikie mtoto. Kwa mdomo hutaweza, nakujua." Ndivyo barua hii ilivyopatikana.

Jumanne nikapanda treni mpaka Molo, nikatembea kwa mguu, nikiuliza njia, mpaka shamba ambako mwanawe ni mkamuaji. Nilimkuta Mzee mwenyewe akikamua, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Nikasalimu, "Chamge." Akaitika, akasema ningoje amalize. Nikangoja nimesimama kwenye matope na viatu vyangu vya shule. Alipomaliza nikamweleza yote, tangu bureti ya chuoni mpaka ofisi ya hedimasta.

"Mimi najua," akasema. "Siku ile mdomo yako ilisema Kizungu, lakini macho yako ilikuwa inasema Kiswahili."

Nikamwambia nitakwenda kwa hedimasta niliseme wazi, ili jina lake lisafishwe. "Enda, ni vizuri," akasema. "Lakini mimi sasa nimezeeka, hiyo barua nitapeleka wapi? Ile toto iko wapi?" Nikamwambia umekuwa msichana mkubwa, unakwenda Uganda, utakuwa mwalimu wa sayansi. Akaiweka ndoo chini. Akacheka peke yake kwa muda, akijipangusa mikono kwenye koti, na mimi nikaona meno yake mengi hayapo tena.

"Anajua ni mimi nilimuonyesha?" akauliza. Nikamwambia bado hujui. "Basi ambia yeye. Hawa wengine sina haja nao."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza. Alinipa maziwa nikanywa, akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama pale mpaka nikapotea kwenye kona. Jana nilikwenda kwa hedimasta. Huyu ni mpya, yule mwingine amekwisha kurudi kwao. Alisikiliza, akasema ataandika barua ya kumsafisha Mzee, na juu yangu ataamua baada ya likizo. Sijui ataamua nini. Usihangaike kwa ajili hiyo. Nakwambia kwa kuwa nimeacha kukuficha mambo, basi.

Kuhusu kazi unayokwenda kuisomea, nilikuwa nimekusanya mawaidha mengi ya kutosha kujaza daftari, na naona yote yamekauka. Limebaki moja. Utakutana na walimu wenye kabati zilizofungwa. Watakwambia vitendo ni kupoteza wakati, vioo vitavunjika, mtihani unataka maelezo. Wengine watakuwa na hasira kama yangu, kwamba watoto wetu wameshika jembe vya kutosha, na hasira hiyo uiheshimu. Lakini usigombane nao mbele za watu. Ngoja siku ambayo hakuna mtu, umwambie mmoja wao, "Njoo unisaidie kupanga vyombo," umtazame mikono yake. Ikitetemeka, usicheke. Mimi nilichekwa mara moja tu, na wavulana kumi na wanane wakaandika namba isiyo yao, na mzee mmoja akalala njaa. Mshike kiwiko kama ulivyonishika mimi.

Na ikitokea mwanafunzi wako akuambie ameona namba nyingine tofauti na yako, mwanangu, nenda ukaitazame. Ni hatua chache tu kutoka ubaoni mpaka mezani kwake. Mimi zilinichukua miaka mingi kuliko niliyosoma.

Nakupenda, Chelagat. Sisi baba wa huku hatujazoea kulisema neno hilo, tunalipitisha kwa kununua viatu. Nimekununulia viatu, na neno nimeliandika pia. Nitakukosa jioni, wakati ule unapokuja kubisha na mimi juu ya mambo ambayo siku hizi unayajua kuliko mimi. Nimejivunia wewe mbele ya kila mtu, na fahari hiyo ni ya kweli hata kama sehemu yake niliiiba.

Nitakupa barua hii tukiagana. Kuna mlima mrefu kabla ya Molo na treni huupanda polepole, utaimaliza. Ukiwa na hasira nami, ni haki yako, kaa nayo kadiri unavyotaka. Ila treni ikisimama Molo, teremka na hasira yako. Mzee atakuwa pale stesheni, maana nilimwambia siku ya safari yako. Amesema atavaa kofia ili umtambue, kwa kuwa anadhani umemsahau. Usinitetee kwake, na usimwombee msamaha wangu. Hilo ni langu, nitalirudia mwenyewe kwa miguu yangu. Hatakuwa na maneno mengi. Atakuuliza kama baba yako amekwambia.

Nimeandika yote haya ili uweze kumjibu, "Ndiyo, babu, ameniambia."

Ni mimi baba yako, niliyefundishwa nawe.